Barua ya Mabeseni

Jengo nililoishi Parkdale, ughaibuni, lilikuwa na ghorofa kumi na moja, na mashine zake za kufulia zilikuwa chini kabisa, katika chumba kisicho na dirisha. Zilikuwa nne, na moja ilikuwa mbovu kwa muda wote nilioishi pale. Ninaanza na mashine hizo kwa sababu ndiko ugomvi ulikoanzia, na bila ugomvi huo nisingejua kwamba jirani yangu wa mlango wa kulia alikuwa Mroma, mmoja wa wale ambao Ulaya huwaita Wajipsi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuwa nimeingia mwaka wa sita wa shahada ya uzamivu ambayo niliiahidi familia yangu kuimaliza kwa mitano. Tasnifu yangu ilihusu mlango wa tohara katika vitabu vya fikihi vilivyosomwa pwani yetu: maji gani husafisha na maji gani hayasafishi, chombo kipi huoshwa kikarudi kazini na kipi hakirudi. Meza yangu ilitazama ukuta wa jengo la pili. Kibali changu cha kuishi kilifungamana na tasnifu, tasnifu ilifungamana na msimamizi aliyekuwa likizo ndefu, na nauli ya kurudi Tanga haikufungamana na chochote kwa kuwa haikuwepo. Katika miezi ya baridi niliweza kukaa siku nne bila kuvuka mlango wa nje. Nilishuka kufua, nikapanda, nikaketi.

Jumamosi moja asubuhi nilikuta mwanamume wa ghorofa ya tano amesimama mbele ya mashine, kapu la nguo kiunoni.

“Mtu mmoja, mashine tatu,” alikuwa akisema. “Na zote hazijajaa. Huko mlikotoka mlikuwa na mto wenu peke yenu?”

Aliyekuwa akiambiwa ni jirani yangu. Alikuwa mwanamke kama mimi, wa umri wangu, wa miaka thelathini na kitu, sketi ndefu, nywele zimefungwa kitambaa. Alisimama kati yake na mashine kama mtu aliyesimama mbele ya mlango wa chumba cha mgonjwa. Nilitazama kupitia vioo. Ndani ya mashine ya kwanza mlikuwa na mashati na fulana. Ndani ya pili, suruali za wanaume. Ndani ya tatu, sketi na nguo za ndani za kike. Vitambaa vya meza na vya jikoni sikuviona popote, na nikajua bila kuambiwa kwamba hivyo huviosha nyumbani kwa mkono, kwa kuwa hakuna ajuaye wageni wametia nini katika mashine ile.

Nyumbani kwa bibi yangu kopo la chooni halikuvuka kizingiti cha jiko. Binamu yangu alilivusha mara moja, akachotea maji ya kunywa, na bibi akaumwaga mtungi mzima uani mbele yetu. Huwezi kukulia katika nyumba ya namna hiyo ukashindwa kusoma mashine tatu.

“Ya tatu ni yangu,” nilimwambia yule bwana. “Ananishikia.”

Huo ulikuwa uongo, na kwa kadiri ninavyokumbuka ndio uongo pekee katika habari hii. Mabaya mengine yote yalifanywa kwa ukweli.

Jioni yake aligonga mlango wangu na sahani ya andazi la viazi. Baada ya wiki chache nilikuwa ninaingia kwake kama anavyoingia jirani: bila miadi, kwa dakika kumi. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache yaliyochaguliwa vizuri. Aliishi pale na mumewe, ambaye alikuwa fundi wa paa, watoto wao wawili wadogo, wifi yake ambaye hajaolewa, na baba mkwe wake, mzee mrefu aliyetazama televisheni bila sauti. Wifi ndiye aliyejua Kiingereza. Alikuwa msafishaji wa vyumba hotelini, na alisema alikijifunza kwa kusoma vikaratasi ambavyo wageni huviacha vitandani.

Siku moja, wanaume wakiwa hawapo jikoni, jirani yangu alinifungulia kabati la chini ya sinki. Mlikuwa na mabeseni mawili. Mengine mawili yalikuwa bafuni, nyuma ya pazia. Alinieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno: hili la vyombo, hili la vitambaa vya meza, lile la nguo za juu, na lile la nne alilitaja kwa kushusha macho tu. Wengi wa kwao, alisema, wameyaacha mambo haya. Mama mkwe wake hakuyaacha, na alimkabidhi yeye kabla ya kufa. Nami nikamweleza habari za kopo la bibi na mtungi uliomwagwa. Alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki.

“Kumbe na nyinyi ni watu,” alisema.

Kisha akaelekeza kidevu sebuleni. “Yeye anajua yapo. Lipi ni la nini, hajui. Akijua, hawezi tena kula kwa mkono wangu. Unaelewa?”

Nilimwambia ninaelewa, na kweli nilielewa. Kwetu jambo hili lina neno lake, sitara, na mwanamume aliyelelewa vyema anaweza kuishi katika nyumba miaka hamsini bila kuuliza kamba ile ya nyuma ya banda inaanika nini. Ninaandika hapa, kwa kuwa ni sehemu ya hesabu yangu, kwamba nililielewa siku hiyo na kwamba nililisahau mezani pa kuandikia.

Familia hii ilikuwa ikisubiri kusikilizwa maombi yao ya ukimbizi. Katika jengo walijulikana kuwa Wahungaria, basi. Mume alifanya kazi juu ya mapaa pamoja na watu waliotoka nchi moja naye, ambao wakati wa chakula cha mchana waliwasema Waroma, na yeye alicheka pamoja nao kwa sababu kutocheka kungeulizwa. Magazeti ya majira yale yaliwaita watu wao waombaji wa uongo. Huko walikotoka mzee alikuwa amepigwa na vijana wa mji wake mpaka sikio moja likafa, na nyumba ya familia ikatiwa moto. Maombi ya wote yaliegemea juu yake.

Tatizo lilikuwa kwamba katika karatasi zote alizotoka nazo hapakuwa na hata moja iliyosema yeye ni nani. Cheti cha polisi kilisema ugomvi wa majirani. Cheti cha shule kilisema darasa la watoto wazito wa kuelewa, ambako watoto wa kwao walipelekwa wote bila kupimwa. Lugha ya mababu ilikuwa imekatika vizazi viwili kabla yake. Walizungumza Kihungaria tu. Kwa miaka sitini alikuwa amekaza kazi ya kutotambulika, na sasa maisha ya watu sita yalidai atambulike ndani ya asubuhi moja.

“Wamejificha vizuri mno,” wakili wao aliniambia. Alikuwa mama mwenye mafua ya kudumu, ofisi yake ikiwa juu ya duka la viatu. Wifi alikuwa amemwambia kwamba jirani wao anasomea mambo ya usafi, kwa namna alivyoelewa yeye, naye akaniita. “Hadithi ya kupigwa, mwamuzi atasema imekaririwa. Nipe kitu kisichokaririka. Umeona nini wewe mwenyewe ndani ya nyumba ile?”

Nilimweleza habari za mabeseni kwa ujumla. Aliweka kitambaa cha pua chini.

“Hicho,” alisema. “Andika hicho. Chote.”

Nilimwendea jirani yangu nikamuuliza kama angependa niwasaidie kwa barua. Aliniambia, “Andika kwamba sisi ni watu safi.” Nililichukua jibu hilo kuwa ruhusa.

Niliandika kwa siku tisa. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kalamu yangu ilikuwa na mahali pa kwenda. Kurasa zilikuwa nne. Nilieleza kila beseni kwa rangi yake, mahali pake, kazi yake, mpangilio wa kuyatumia, na yale yanayobadilika katika siku fulani za mwezi. Nililinganisha na desturi za mahali pengine, nikaweka tanbihi. Ilikuwa kazi nzuri. Nikiipima leo, naona kwamba haikuwa barua ya jirani hata kidogo. Ilikuwa sura ya tasnifu ambayo nilikuwa nimeshindwa kuiandika.

Binamu yangu, yule yule wa mtungi, alikuwa muuguzi Scarborough, upande wa pili wa mji, nami nilimsomea kwa simu.

“Mdogo wangu,” alisema, “umeandika mpaka za mwezini?”

“Kwa lugha ya kitaalamu.”

“Zina lugha ya kitaalamu hizo? Mimi nafanya kazi hospitali na bado nashusha sauti.” Kisha akauliza, “Na mkwewe je?”

“Hasomi Kiingereza.”

“Haya, msomi. Wewe ndiye unayejua.”

Barua nilimpa wifi, kwa kuwa basi lake la kazini lilipita karibu na ofisi ya wakili. Sikuifunga bahasha. Baba yangu alinifundisha kwamba barua unayompa mtu mkononi akupelekee haifungwi, maana kuifunga mbele yake ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Nilifuata adabu hiyo bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Na nilijua, siwezi kudai sikujua, kwamba katika nyumba ile kila karatasi iliyoingia ilisomwa kwa sauti mbele ya mzee baada ya chakula: bili ya umeme, tangazo la pitsa, kikaratasi cha kanisa. Wifi alisoma na kufasiri, mzee alisikiliza kwa sikio lake zima. Nilikuwa nimehudhuria mara tatu, na mara zote nilifurahia.

Yaliyotokea niliyapata kesho yake kwa jirani yangu, aliyesimama mlangoni pangu na hakutaka kuketi.

Wifi alikuwa ameitoa barua baada ya supu. Ukurasa wa kwanza ulisifu familia, na mzee aliitikia kwa kichwa. Katika ukurasa wa pili wifi alianza kusitasita. Mzee hakumwambia aache, kwa sababu kumwambia aache kungekuwa kukiri kwamba ameshaelewa. Wifi naye hakuacha mwenyewe, kwa sababu kuacha kungeonyesha kwamba yaliyobaki ni ya aibu, na alikuwa akimsomea baba yake. Mume alitazama ukuta. Jirani yangu alikuwa amesimama na bakuli la supu mikononi, na hakupata pa kuliweka. Kurasa zote nne zilisomwa mpaka mwisho, pamoja na tanbihi.

“Kisha alisema asante,” aliniambia. “Akaenda kulala. Leo asubuhi hakunywa kahawa yangu. Amekula mkate wa dukani, kwenye karatasi yake.”

“Nitaiondoa barua. Wakili hajaipata bado.”

“Ukiiondoa atakula?”

Niligeuka kuutazama mlango wao.

“Basi sijui,” alisema. “Ngoja nifikiri.”

Alifikiri siku tatu. Nilikutana na mzee kwenye lifti, mfuko wa makopo ya samaki mkononi. Alinivulia kofia kama kawaida yake. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Mtu aliyekasirika anaweza kuombwa radhi. Yeye hakuwa na lolote la kusamehe: alikuwa ameambiwa jambo, na mtu aliyeambiwa jambo hilo hali tena kwa mkono ule, hata kama mkono wenyewe anaupenda. Hapakuwa na mlango wa kutokea upande wake, wala upande wa jirani yangu. Ghorofa nane chini yetu watu walikuwa wakitia nguo zao zote ndani ya mashine moja na kwenda zao.

Siku ya nne alikuja jioni, mikono ikinuka vitunguu.

“Ipeleke,” alisema.

“Kusikilizwa kwenyewe kutakuwa mbele ya wote. Yeye atakuwa ameketi pale pale. Mkalimani atayarudia kwa Kihungaria, mbele ya watu wasiowajua.”

“Najua. Imeshasemwa. Nimeshalipa. Sasa ifanye kazi.” Kisha akaongeza, bila ukali, “Wewe pia. Umeyaandika vizuri, sasa uje uyaseme kwa mdomo.”

Baraza la wakimbizi lilikaa katikati ya mji, katika chumba chenye zulia la kijivu na jagi la maji. Mwamuzi alikuwa bwana wa makamo, mpole, miwani ikining’inia kifuani. Mzee aliketi kati ya mwanawe wa kiume na binti yake. Jirani yangu alikuwa mwisho wa meza, amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Niliitwa ndani saa nne. Mwamuzi alikuwa ameisoma barua yangu, na nikaona ameipigia mistari.

“Umeandika,” alisema, “kwamba umeona mabeseni manne. Nataka kujua kama uliyaona au ulisimuliwa. Beseni la nne ni la nini hasa, na ulijuaje?”

Mkalimani alianza kufasiri. Alipofika kwenye neno beseni mzee akainuka. Wakili alimshika mkono wa koti na kumnong’oneza aketi. Anayetoka chumbani katikati ya maswali huonekana ana la kuficha, na alikuwa amewaonya hilo mara nyingi. Mzee aliutoa mkono wake kwenye koti, polepole, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala. Alisema neno kwa mkalimani.

“Anaomba ruhusa akanywe maji,” mkalimani alisema.

Jagi lilikuwa mbele yake, limejaa, na bilauri juu yake.

Mwamuzi alilitazama jagi, akamtazama mzee, akamruhusu. Mzee alipita karibu na kiti changu bila kugeuza kichwa, na mlango ukafungwa nyuma yake. Jirani yangu alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe juu ya meza. Masikio yake yalikuwa mekundu.

“Anaumwa?” mwamuzi aliniuliza.

“Hapana, mheshimiwa.”

“Mbona ametoka?”

“Kwa sababu nilikuwa nataka kukujibu.”

Aliandika kwa muda mrefu. Nilingoja aliulize tena swali la beseni la nne. Nilikuwa na jibu tayari, sentensi mbili, nimeziandaa usiku kucha ziwe na staha kadiri iwezekanavyo. Hakuliuliza. Aliniuliza nimeishi Parkdale tangu lini, akanishukuru, na nikatoka. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, kofia magotini, na hakuwa amekwenda popote penye maji.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Walikubaliwa, wote sita. Wakili alinisomea kwa simu kwamba mwamuzi ameridhika kuwa wao ni Waroma, na kwamba ametegemea zaidi mwenendo wa mwombaji wa kwanza, yaani mzee, mbele yake kuliko maandishi yoyote. Aliisoma sentensi hiyo mara mbili, amefurahi sana, kisha akapiga chafya. Nilimshukuru. Nilikaa na simu mkononi nikitafakari kwamba kama mzee angekuja pale akiwa hajui lolote, na mimi nikaulizwa swali lile lile kwa mdomo tu, angeinuka vile vile. Angeinuka kabla hajaelewa, na kwa kuinuka asingeelewa. Kurasa zangu nne hazikuongeza kitu. Zilitangulia tu kufika nyumbani.

Nilimwambia jirani yangu hivyo, kwa kuwa niliona ni haki yake kujua. Alisikiliza huku akikunja nguo za watoto.

“Usifikiri sana,” alisema. “Unafikiri, halafu unaandika.”

Kiangazi kilichofuata walihamia mji wa Hamilton, ambako kodi ilikuwa nafuu na kulikuwa na watu wa kwao wengi zaidi. Nilikwenda kuwaona mara moja, kwa treni kisha basi. Mume alikuwa amewaambia wenzake wa mapaani yeye ni nani, na wawili kati yao hawakuzungumza naye tena, na mmoja alikuwa ameanza kumletea soseji. Watoto walinijibu kwa Kiingereza safi. Nyumba ilikuwa na jiko lenye dirisha.

Wifi alikuwa amesimama mbele ya sufuria, aproni shingoni, uso umejaa mashaka. Mtu huyu hakupata kupika maishani mwake. Kwao kazi hiyo ilikuwa ya mke wa kaka. Jirani yangu alikuwa mlangoni pa jiko, mabega yameegemea fremu, mikono ameifunga nyuma. Hakuingia.

“Punguza moto,” alisema, kwa Kiingereza ili nami nielewe. “Sasa pilipili nyekundu. Si hivyo. Nusu ya hiyo.”

“Nimeshatia.”

“Nimeona umeshatia.”

“Basi njoo utoe, kama unaona sana.”

“Tia viazi.”

Sufuria hiyo ilikuwa ya mzee peke yake, isiyoguswa na mkono wa jirani yangu. Ya watu wengine, ambayo jirani yangu aliipika asubuhi, ilikuwa tayari mezani, na harufu yake ilijaza nyumba nzima pamoja na pale alipoketi mzee. Wifi alimpakulia baba yake. Mzee alionja, akaweka kijiko chini, akasema maneno machache kwa binti yake bila kutazama mlangoni. Wifi alicheka kwa pua.

“Anasema nini?” niliuliza.

“Anasema yule mwalimu wa mlangoni afundishe kwa bidii zaidi, mwanafunzi wake hana kichwa.”

Jirani yangu naye hakumtazama. Alimjibu kupitia kwa wifi, kama ilivyokuwa desturi yao siku hizo. “Mwambie mwalimu anafundisha kwa macho tu. Kazi ngumu.”

Mzee alikichukua tena kijiko. Nilivuta kiti nikamsogezea jirani yangu, lakini kisingeenea mlangoni bila kuingia jikoni, akanirudishia kwa mguu. Alibaki amesimama, mikono nyuma, mpaka mzee alipomaliza kula.